Sakafu Aliyoifumua Baba

Ko, ko, ko. Ni kifundo cha kidole cha baba kikigonga sakafu. Aligonga kila alipoketi: harusini, msibani, kwa mwalimu mkuu, hata kwa mganga alikokwenda kutazamwa mgongo. Watu wangali wanaulizana habari za nyumbani, mkono wake umeshashuka pembeni ya goti, umegonga mara tatu, naye ameinamisha kichwa anasikiliza. Mama alikuwa akimfinya.

"Baba Ok-bun, tumekuja kumlilia maiti, hatukuja kununua nyumba."

"Kuna jiwe limelegea," baba alimnong'oneza. "Na hapo ndipo anapolala mjane."

Mazishi yalipokwisha alirudi na mwiko wake akalikaza.

Aliitwa Tak Chun-bae, fundi wa sakafu za moto katika bonde la Solmoru. Ufundi aliupata kwa mjomba wake. Kwetu moto huwashwa jikoni, chini ya chungu kikubwa cha chuma kilichojengewa ukutani, na moshi wake hupita chini ya chumba cha kulala, katikati ya mawe bapa, hadi utokee kwenye dohani upande wa pili wa nyumba. Juu ya mawe hukandikwa udongo, na juu ya udongo hubandikwa karatasi nene iliyonyweshwa mafuta ya soya. Hapo ndipo tunapokula, tunapolala, tunapougua na tunapozalia. Mwezekaji akikosea, utalowa. Mpanga sakafu akikosea, huenda usiamke.

Baba alikuwa mfupi, mwenye magoti yaliyoota sugu kama ya ngamia na nyusi zilizoungua zisiote tena vizuri. Hakutumia jiwe la mto hata siku moja. "Jiwe la mto limekunywa maji tangu kuzaliwa," alisema. "Ukilitia moto linapasuka na kuwarukia wote waliomo." Alipanda mlimani akachagua mawe ya huko, akayashusha mgongoni kwa ubao wa kubebea. Manene aliyaweka karibu na moto, membamba mbali. Moto, alisema, ni sawa na mgeni mwenye haraka: ukimpa njia nyoofu atapita bila hata kukusalimu, kwa hiyo mzungushe, mpe kona mbili tatu, atakaa. Tena hakumkabidhi mtu chumba kabla yeye mwenyewe hajalala ndani yake peke yake. Asubuhi akitoka, nywele zimesimama, wenye nyumba wakimngoja uani, alisema neno moja tu: "Ingieni." Wakaingia.

Vita vilipopita bondeni kwetu, nyumba nyingi ziliungua. Watu waliporudi kutoka ukimbizini walikuta sakafu tu, zimekaa kwenye majivu. Baba alizunguka akizigonga moja moja, na nyingi aliziona nzima. Wengi wa Solmoru walijenga upya juu ya sakafu zake, kuta zikifuata mawe. Alikuwa akilitaja jambo hilo kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Alipozeeka yakaja mabomba ya maji ya moto na saruji, mawe yakaachwa mlimani. Hakununa. Aliwahi kulala kwa mpwa wake kwenye sakafu ya namna hiyo, asubuhi akasema ni nzuri, inafanana na kulalia tumbo la ng'ombe. Alifariki kwenye majira ya kuchipua, mgongo ukiwa umemchosha kuliko maradhi yoyote, na watu wa bonde zima walikuja kumzika. Lakini nikimkumbuka, simkumbuki mzee. Namkumbuka mwaka ule dada yangu Ok-bun aliporudi nyumbani kuzaa.

Tulikuwa mabinti wawili. Mimi naitwa Mal-rye, jina wanalopewa wasichana ili wawe wa mwisho na anayefuata awe wa kiume. Hakuna aliyefuata. Gu, dalali wa ng'ombe, alikuwa hamwachi baba akimkuta kilabuni kwa pombe ya mchele.

"Chun-bae, wenzako wote wanapata watoto wa kiume juu ya sakafu zako. Yako wewe ina nini?"

"Yangu inaivisha polepole," baba alisema. "Wanaume hutoka upesi, wabichi. Jitazame wewe."

Kilabu kizima kikacheka, Gu naye akacheka, akamjazia bakuli.

Asubuhi za baridi alichukua viatu vyetu vya mpira akavisimamisha mbele ya mdomo wa jiko, mbali kidogo visiyeyuke, ili tukitoka kwenda shule tuvivae vikiwa na joto. Mama alipovunjika kifundo cha mguu, baba alibeba kapu la nguo hadi kijitoni akavunja barafu, akafua katikati ya wanawake, nguo za ndani na zote. Walimcheka hadi wakachoka. Alirudi akasema maji ni baridi kweli, kuanzia sasa atawachemshia.

Lakini sakafu ya nyumba yetu ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote Solmoru. Kinyozi hajinyoi. Upande wa moto uliunguza karatasi, upande wa mbali bakuli la maji liliganda. "Mke wa fundi wa sakafu ndiye anayelala na soksi," mama aliwaambia majirani. Baba alijibu kila mwaka kwamba ataifumua kazi za watu zikipungua.

Ok-bun aliolewa mji wa Hamsil, kwenye stesheni ya reli, na kijana wa kupanga mabehewa aitwaye Sang-do, mtu mpole mwenye masikio makubwa. Wazazi wengine humpeleka bibi harusi na magodoro na kabati. Baba alipeleka magodoro, na badala ya kabati akapeleka mawe, gari zima la kukokotwa na ng'ombe. Mama mkwe wa Ok-bun alitoka kibarazani akatazama mzigo.

"Mkwe, hivi ndivyo vyombo vya bibi harusi vya kwenu?"

"Kabati halimpashi mtu joto, mkwe," baba akasema, akavua viatu, akaingia kupanga chumba cha wanandoa. Akalala ndani yake, asubuhi akasema, "Ingieni."

Wakati ule makaa yalikuwa yameanza kuingia mijini: yale matofali ya duara, meusi, yenye matundu. Hayahitaji kupasuliwa kama kuni, hayatoi moshi, moja huwaka hadi asubuhi. Mwaka wa pili wa ndoa, mama mkwe alimwita mtu akafinya mdomo wa jiko ili lipokee makaa. Ok-bun alikuwa na mimba ya miezi sita. Asubuhi moja Sang-do alirudi kutoka zamu akamkuta amelala kifudifudi karibu na mlango, mkono umenyooshwa kuelekea kizingiti. Walimburura uani kwenye theluji, wakamnywesha maji ya figili zilizochachushwa, kama inavyofanywa kwa mtu aliyelewa gesi ya makaa. Alipata fahamu. Mtoto wa tumboni hakupona.

Baba alikwenda Hamsil kwa miguu mpaka barabara kuu, akapanda gari lililokuwa linabeba kabichi. Alikaa na Ok-bun, akamshika mguu juu ya shuka. Kisha akaingia chumbani, akabandua karatasi, akapasua udongo, akainua jiwe baada ya jiwe. Mama mkwe alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Sakafu ya baba yake mwenyewe," akasema. "Ya baba yake mwenyewe!"

"Mama, nyamaza," Sang-do akasema. "Baba, ni sisi tuliobadilisha mdomo wa jiko. Hukuambiwa."

Baba alikuwa ameinama juu ya maungio ya mawe mawili ya katikati. Kulikuwa na ufa pale, mwembamba, wa kupitisha uzi. Ufa wa namna ile aliuacha maisha yake yote katika kila nyumba, kama alivyofanya mjomba wake, kwa sababu moshi wa kuni una masizi yenye lami, na masizi huziba nyufa ndogo yenyewe kabla mwezi haujaandama mara ya pili. Mafundi wote wa kwetu waliyategemea masizi. Makaa hayana masizi.

"Ufa ni wangu," baba akasema.

Akaipanga upya sakafu ile, akaondoka. Majira yote yale ya baridi hakugonga sakafu ya mtu. Badala yake alikwenda nyumba kwa nyumba, kila aliyosikia imeanza kununua makaa, akaomba ruhusa ya kufungua na kuziba. Wengine walimkubalia. Wengine walimwambia ndugu yetu, nenda kapumzike.

Ok-bun hakulala tena kwenye chumba kile. Alihamia ukumbi wa mbao, baridi ikawa inampiga, Sang-do akahamia naye bila kuuliza.

Baada ya mwaka na kitu akapata mimba nyingine, na kwa desturi akaja kwetu kuzaa. Alifika mwezi wa kumi, kabla mahindi hayajakauka vizuri, tumbo limemtangulia, Sang-do nyuma yake na mabunda mawili; kesho yake alirudi zamuni Hamsil. Mama alikuwa ameshanunua mwani wa supu ya mzazi. Alikuwa ameshatandika godoro upande wa moto. Ok-bun alimsalimu, akalipita godoro, akapeleka mabunda yake kwenye chumba cha ubao nyuma ya nyumba, kisicho na moto chini.

"Nitalala hapa."

"Hapo tunalaza mahindi," mama akasema.

"Basi nitalala na mahindi."

"Wewe mtoto! Utazalia kwenye baridi? Upepo ukiingia kwenye mifupa ya mzazi hautoki. Mtazame shangazi yako, mpaka leo akipiga chafya magoti yanalia."

"Upepo hauui, mama."

Alilirudia neno hilo jioni tukila. Baba aliweka kijiko chini, akakitazama, akakichukua tena.

Usiku wa siku zilizofuata ulianza kuwa na baridi kali. Mimi wakati ule nilikuwa nashona nguo kwa cherehani sokoni, na jioni nikirudi nilimkuta Ok-bun amejifunika magodoro matatu, pua nyekundu, akidai ana joto tele. Mama alimbembeleza, akamtukana, akambembeleza tena. Mtoto alikuwa atoke kwenye mwezi wa theluji. Sote tulijua kwamba mtoto mchanga hawezi kuishi kwenye kile chumba cha mahindi, Ok-bun naye alijua, ila mwili wake haukukubali kulala juu ya moto.

Siku moja mchana baba alimkuta kibarazani anapukuchua mahindi, akaketi, akachukua gunzi naye.

"Ok-bun."

"Naam, baba."

"Sakafu ile ya Hamsil."

"Baba, mimi sikulaumu."

"Kwa mdomo hunilaumu. Lakini unalala na mahindi."

Ok-bun akaendelea kupukuchua. "Nikilala juu ya moto," akasema, "nahisi kuna mtu yuko chini ananivuta pumzi."

"Nikiifumua hii ya kwetu mbele ya macho yako? Ukaliona kila jiwe kabla halijakaa?"

"Mama hatakubali."

"Mama yako niachie mimi."

"Tangu lini?" Ok-bun akasema, na akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu afike.

Mama hakukubali. Nyumba yenye mjamzito jiko halifumuliwi wala tundu halizibwi; mzimu wa jiko hukasirika, na ukiziba tundu umeziba njia ya mtoto. Nani asiyelijua hilo? Baba mwenyewe, akiitwa kazini, aliuliza kwanza langoni kama kuna mjamzito, na kama yupo aligeuka: "Nitarudi akishajifungua."

"Wewe ndiye uliyewakatalia watu bonde zima!" mama akapiga kelele. "Leo unataka kujaribu kwa mjukuu wako? Mmoja hajatosha?"

Neno hilo lilipomtoka alilijutia pale pale, tukaona. Baba aliinuka. Alikwenda akaketi karibu na zizi la ng'ombe, akitugeuzia mgongo.

Aliyelimaliza jambo hilo ni Bibi Baemgol, jirani yetu, mjane ambaye ua wake na wetu ulitenganishwa na ukuta wa mawe usiofika kifuani. Alikuwa amesikia yote, maana hakuna alichokuwa hasikii.

"Mama Ok-bun," akasema kutoka upande wake. "Mjamzito yuko nyumba gani?"

"Si hii?"

"Akilala kwangu atakuwa nyumba gani?"

Mama akautazama ukuta.

"Basi. Mzimu wa jiko unakaa jikoni kwake, hautembei mitaani kuhesabu matumbo. Nipe huyo msichana. Mimi nyumbani kwangu nina chumba cha ubao cha kutosha, na mlango hata haufungi."

Jioni ile ile mama alimvusha Ok-bun langoni kwa mkono. Kisha akarudi jikoni, akaweka bakuli la maji safi juu ya jiko, akafikicha viganja. "Hapa hakuna mjamzito," alimwambia mzimu. "Angalia mwenyewe. Kuna mimi, nimeshakauka, na kuna Mal-rye, hata mchumba hana." Nilitaka kusema neno, nikaona siyo mahali pake.

Kesho yake baba alifumua. Alitoa vitu vyote uani, akabandua karatasi iliyokuwa ya rangi ya chai, akavunja udongo, akainua mawe. Chini palikuwa na masizi manene na kiota cha panya aliyehama zamani. Ok-bun alisimama upande wa pili wa ukuta, nyayo ziko kwa Bibi Baemgol, tumbo limeegemea mawe, macho yako kwetu. Macho mama hakuyahesabu. Ukuta wa chumba upande ule baba alikuwa ameutoboa, alipita humo na mawe, kwa hiyo dada aliona hadi ndani.

Baba alileta mawe mapya kutoka mlimani, mgongo wake ule ule. Kabla ya kulaza jiwe alilibeba hadi ukutani, akaliinua.

"Hili?"

"Ligeuze."

Akaligeuza.

"Lina mstari."

"Ni mshipa wa jiwe, mwanangu. Ndio nguvu yake."

"Lina mstari, baba."

Akalitupa. Likaanguka kwenye figili za mama, mama akapiga ukelele. Akaleta lingine.

"Hili?"

"Hilo sawa."

Hivyo hivyo, jiwe kwa jiwe. Mawe mazuri ambayo fundi mwingine angeyagombea yalitupwa kwa sababu Ok-bun hakuyapenda rangi. Mara nyingine nilidhani sasa atakasirika, maana kazini baba alikuwa hapendi kuelekezwa. Mwenye nyumba akitia neno aliweka mwiko chini akaenda kuvuta tumbaku mpaka mwenye nyumba aingiwe na aibu. Kwa Ok-bun alipanda mlimani tena. Gu dalali alipita njiani, akasimama.

"Chun-bae, umepata msimamizi?"

"Nimepata," baba akasema. "Mkali. Toka kwenye mwanga wake."

Mawe yalipokwisha kulala, baba hakuyaachia masizi kitu. Alikanda udongo na chokaa na nywele za mbuzi zilizokatwa, akaziba kila ungio, akaacha pakauke, akaziba tena. Halafu akafunika dohani juu kwa kibapa cha jiwe, akajaza majani mabichi ya msonobari kwenye mdomo wa jiko na kuwasha. Moshi, ukikosa pa kutokea, ulitafuta penye udhaifu. Uzi mweupe ukajitokeza pale pembeni, mwingine katikati. Baba alitambaa na shavu lake juu ya udongo, macho yakimtoka machozi, akiweka kidole kila palipofuka.

"Pale!" Ok-bun aliita kutoka ukutani. "Baba, kushoto kwako! Nyuma ya goti!"

"Nimeuona."

"Hujauona, unauketia!"

Aliziba. Akawasha tena. Alipowasha mara ya tatu moshi ulirudi wote jikoni, ukamtoa mama mbio akikohoa na kulaani ukoo mzima wa Tak, na sakafuni hapakufuka kitu. Bibi Baemgol alipiga makofi.

Baada ya hapo zilikuwa siku za mioto midogo ya kukausha, ukuta uliotobolewa ukajengwa tena, halafu karatasi, halafu mafuta. Kisha baba akasema atalala ndani, kama alivyolala katika kila chumba. Mimi na mama tulijibanza kwenye chumba cha mahindi.

Asubuhi Ok-bun aliamka kabla yetu, akatoka uani kwa Bibi Baemgol kunawa uso. Umande ulikuwa umeganda, bonde lote limepakwa barafu nyembamba nyeupe, na kwenye kila nyumba dohani inatoa moshi wa kupikia wali. Ya kwetu ilikuwa haitoi. Ila barafu ya ukingoni mwake ilikuwa imeyeyuka. Joto lilikuwa linatoka, moshi hautoki.

Hatukujua, lakini baba alikuwa amekwenda sokoni akanunua makaa.

Nilichosikia ni lango likigonga ukuta. Nilipotoka nilimwona dada anavuka ua akikimbia, tumbo amelishika kwa mikono miwili, kiatu kimoja kimebaki njiani, na mama nyuma yangu anapiga kelele, "Usiingie! Hapa hakuna mjamzito!" Ok-bun alikwishafungua mlango. Alipiga magoti kando ya baba, aliyekuwa amelala chali katikati ya sakafu na mdomo wazi, akaweka kiganja chake kifuani mwake.

Baba alifungua macho.

"Umewasha makaa," Ok-bun akasema.

"Nimewasha."

"Kwa nini? Kwa nini?"

"Hukuwa unaogopa kuni."

Hapo Ok-bun akampiga. Alimpiga begani, kwa kiganja, tena na tena, akilia. "Mzee mjinga! Mzee mjinga wewe! Na ungekufa? Ningezaa juu ya nini?"

"Kichwa kinakuuma?" mama akauliza kutoka mlangoni, bakuli la maji ya figili mkononi.

"Hakiumi," baba akasema. "Njaa tu ndiyo inauma. Na bega."

Mama alimmwagia maji yale ya figili kifuani, yote, akaenda kupika.

Ok-bun alihamia chumbani siku ile. Sikusudii kusema hofu ilimtoka. Alitaka pawashwe kuni tu, na baba akakubali kuni tu. Alilala karibu na mlango, upande wa mbali, mlango ameuacha wazi kiasi cha kidole. Mama akiufunga, yeye aliufungua. Wiki zikapita hivyo. Baba alilisikia lile bishano la mlango kila jioni, asitie neno. Alikuwa akipasua kuni, za mwaloni peke yake, akizipanga chini ya ukingo wa paa hadi zikafunika dirisha la jikoni.

Mtoto alikuja theluji ikianguka, alfajiri, msichana mwenye masikio ya Sang-do. Bibi Baemgol ndiye aliyempokea. Baba alisokota kamba ya majani ya mpunga, akaisokota kushoto kama ipasavyo, akachomeka vipande vya mkaa na vijiti vya msonobari, akaitundika langoni ili watu wajue na wasiingie. Kisha akaingia jikoni, akachuchumaa mbele ya moto.

"Mwanamume akikaa jikoni pilipili yake hudondoka," Bibi Baemgol akamwambia, akipita na maji.

"Bibi, pilipili yangu imeshastaafu."

"Ala! Basi koroga supu."

Alikoroga. Supu ya mwani ilikuwa inachemka kwenye chungu, na moto ule ule ulikuwa unapita chini ya ukuta kwenda kwa Ok-bun. Sasa mlango wa chumbani ulikuwa lazima ufungwe. Ni kwa ajili ya mtoto, na Ok-bun hakubisha. Mama aliufunga, akaziba kizingiti kwa gunia. Mimi nilikuwa ndani. Dada alikuwa ameketi, amejiegemeza ukutani, mtoto kifuani, macho makavu kwa kukosa usingizi, na hakulala. Alikula supu, hakulala. Mama alimvuta taratibu hadi upande wa moto, akamtandikia, akamlaza. Akalala ubavu, macho wazi, anausikiliza mlango. Mchana ukafika. Theluji ilikuwa inaendelea.

Kati ya chumba na jikoni kuna kidirisha cha kupitishia chakula, cha karatasi, saizi ya sinia. Ok-bun alikitazama.

"Mama, moto anautunza nani?" akauliza.

Mama alifungua mdomo amjibu, lakini upande wa pili wa karatasi kuni zilikuwa zimeacha kusogezwa. Kivuli kikasogea karibu na kidirisha. Baba hakuita, maana mtoto alikuwa amelala. Sauti yake ilikuja chini kabisa, karibu na sakafu, mpaka mimi niliyekuwa karibu ilibidi nishike pumzi niisikie.

"Ni mimi. Laleni."